Daftari la mwaloni linahamia Android: shajara ya mradi, 2025

Machi

Tumeamua. Daftari, programu yetu ya kuandikia manunuzi, mauzo na madeni ya wachuuzi wa dagaa na samaki, inahama KaiOS na kwenda Android. Toleo la kitochi halitaongezewa kitu kipya. Tutalirekebisha tu pale litakapoharibika. Shajara hii tunaiandika kwa ajili yetu watatu tunaoitengeneza hapa Mwanza, na kwa yeyote wa Kanda ya Ziwa mwenye programu kwenye jukwaa linalokimbiwa na watu, ambaye bado hajajua ashike wapi.

Kwa asiyeifahamu, KaiOS ni mfumo wa vitochi vyenye intaneti. Asili yake ni Firefox OS, ambayo Mozilla iliingiza sokoni kwenye simu mwaka 2013 na kuachana nayo baada ya miaka michache. Msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, KaiOS wakauchukua na kuufanya uendeshwe kwa vitufe badala ya kioo cha kugusa. JioPhone ya India ikaubeba mwaka 2017, Google ikawekeza dola milioni 22 mwaka 2018, na kufikia mwaka 2019 WhatsApp ikawa imeingia kwenye simu za KaiOS kwa upana. Mwaka huohuo Tanzania tukaipata Smart Kitochi ya Vodacom. Hapo ndipo sisi tulipoiona nafasi. Mchuuzi wa Kirumba Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, tayari alikuwa na simu ya vitufe mkononi, chaji inakaa siku kadhaa, na programu zake zinaandikwa kwa HTML na JavaScript, kazi ambayo tulikuwa tunaijua.

Lakini ukweli ni kwamba wateja wetu hawakununua kitochi hicho kwa ajili ya Daftari. Walikinunua kwa ajili ya WhatsApp, nasi tukawakuta humo. Juni 2024 WhatsApp iliacha kupakuliwa upya kwenye KaiOS, na mwanzoni mwa mwaka huu ikawafungia hata waliokuwa nayo tangu zamani. Tangu hapo kila anayebadilisha simu anachukua simu janja, na akishaichukua anatuuliza jambo moja: Daftari liko wapi huku?

Kuna na sababu ya kiufundi. Toleo la 2.5, ambalo ndilo lililo kwenye simu nyingi za wateja wetu, linatumia Gecko 48, injini ya kivinjari ya mwaka 2016. Injini hiyo haijui njia za kisasa za kuandika programu na kupanga ukurasa: haijui `async` na `await`, haijui CSS Grid. Kila tunachoandika lazima kishushwe kwanza kiwe JavaScript ya kizamani ndipo kikubalike. Toleo la 3.0 lilipotoka mwaka 2021 lilikuja na injini mpya zaidi, ila likabadilisha na milango yote: `manifest.webapp` ikawa `manifest.webmanifest`, na huduma zilizokuwa zikiitwa kwa majina ya `moz` zikahamishiwa kwenye `b2g`. Programu ya 2.5 haiendi 3.0 bila kufumuliwa. Tulikaa na hilo kwa muda mrefu. Kama kuandika upya hakukwepeki, basi tuandike kwa ajili ya soko ambalo mchuuzi wetu anaelekea.

Mwenzetu mmoja alipinga, na hoja yake naiweka hapa kwa sababu ni nzito. Alisema vitochi bado viko mikononi mwa watu, kwa nini tuondoke wakati wateja wapo? Nilimjibu kwa mfano wa Symbian, mfumo wa zamani wa simu za Nokia. Mwaka 2010 ziliuzwa simu za Symbian zaidi ya milioni 100. Februari 2011 Nokia ikatangaza kwamba inahamia Windows Phone. Simu hazikuzimika siku ile, watu waliendelea kuzinunua na kuzitumia kwa miaka. Walioondoka kwanza ni watengenezaji wa programu, kwa sababu hakuna anayejenga juu ya kiwanja ambacho mwenyewe ameshasema anakihama. Januari 2014 duka la Nokia likaacha kupokea programu mpya na masasisho ya Symbian. Aliyekuwa hajahama kufikia siku hiyo, hata kosa dogo kwenye programu yake hakuweza tena kulirekebisha kupitia duka lile. Jukwaa linaanza kufa pale wanaolihudumia wanapoondoka, hata kama watumiaji bado wapo. Mimi nataka tuhame tukiwa bado tunaweza kutuma sasisho kwenye vitochi, kwa sababu sasisho hilo ndilo litakalompa mteja njia ya kutoka na madeni yake. Hapo akakubali.

Aprili

Njia fupi ilikuwa kuuchukua msimbo wetu wa HTML na kuuvika WebView ya Android, yaani kivinjari kinachokaa ndani ya programu. Tuliijaribu na ilifanya kazi upesi. Kwenye simu zetu wenyewe huwezi kuona tofauti. Kwenye simu ya Android Go, toleo jepesi la simu za bei nafuu, yenye RAM ya GB 1, programu iliyoachwa nyuma kwa muda mfupi inatolewa kwenye kumbukumbu, na ukiirudia inaanza upya: kioo cheupe, unasubiri, ndipo namba zinatokea. Pale mwaloni mchuuzi anafungua Daftari, anaandika deni moja, anafunga, anapokea simu, anafungua tena. Kusubiri huko kukijirudia asubuhi nzima, atarudi kwenye daftari la karatasi, na atakuwa na haki.

Tunaandika upya kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, data kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu. Tunachokipoteza ni kuwa na msimbo mmoja kwa majukwaa yote mawili, na hilo linaniuma. Tunachokibeba ni kanuni: jinsi ya kuhesabu mali kauli, jinsi ya kupunguza deni kidogo kidogo kadiri mteja anavyolipa, na jinsi ya kubadili ndoo kuwa sado na sado kuwa shilingi kwa bei ya siku ile, si ya leo. Majaribio ya kanuni hizi tuliyoyaandika kwa JavaScript tumeyageuza kuwa mafaili ya mifano: huku maingizo, huku majibu yanayotakiwa. Kotlin ikitoa jibu tofauti hata kwa shilingi moja, kazi inasimama hapo hapo. Mafaili hayo ndiyo mali yenye thamani kuliko vyote tulivyotoka navyo KaiOS.

Mei

Huu ndio mwezi uliotufundisha kuliko yote.

Tulilipeleka toleo la kwanza Igombe alfajiri, wakati mitumbwi inaingia na dagaa wabichi. Ratiba yetu ya majaribio tumeifuatisha mwezi wa angani: usiku wa giza ndio wa kuvua dagaa kwa taa, kwa hiyo asubuhi zake mwalo unachemka, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, na hapo ndipo wachuuzi wana nafasi ya kukaa na kuzungumza. Kujaribu ni gizani, mazungumzo ni mbalamwezi.

Mama mmoja tuliyemfahamu tangu toleo la kitochi alikuwa akinunua kwa ndoo. Mkono wa kulia umelowa maji ya ziwa, vidole vina magamba madogo yanayong'aa na ute wa dagaa. Kwenye kitochi chake anabonyeza 2, 4, kitufe cha katikati, jina la mvuvi linatokea, anaandika idadi ya ndoo, anabonyeza tena, kwisha. Hakutazama simu, alikuwa anatazama ndoo, asipunjwe. Tukampa simu ya kioo. Akagusa 2, kioo kikaandika 5. Akafuta. Tone la maji likadondoka, kikajigusa chenyewe. Akapangusia kidole kwenye khanga, akajaribu tena, na huku mvuvi ameshaanza kuhesabu ndoo ya pili.

"Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu," mwenzetu akamwambia.

"Marahaba. Mwanangu, mimi hizi namba nazijua kwa kidole, sizijui kwa macho. Hapa kidole changu kitashika wapi?"

Kioo cha aina hii kinahisi umeme mdogo wa ngozi, na maji nayo yanapitisha umeme. Tone moja kwake ni kidole. Hakuna msimbo wa kuliondoa hilo. Kwa hiyo tulibadilisha mpangilio mzima. Kibodi ya simu haitumiki kabisa kwenye ukurasa wa kununulia. Tumechora vitufe vyetu kumi na viwili, vikubwa, vinavyochukua zaidi ya nusu ya kioo, katika mpangilio uleule wa kitochi. Kila kitufe kinatikisa simu kinapopokea. Mguso unaodumu muda mfupi mno hauhesabiwi, ili matone yasiandike ndoo ambazo hazipo. Na kitu cha mwisho hakiguswi kwenye kioo: kitufe cha kuongeza sauti, kile cha ubavuni, ndicho kinachothibitisha, na cha kupunguza ndicho kinachofuta. Android inairuhusu programu iliyo wazi mbele ya mtumiaji kuvipokea vitufe hivyo, na hicho ndicho kitufe cha kweli pekee ambacho kidole kilicholowa kinaweza kukitambua bila macho.

Namba za wavuvi tumezibakiza. 24 wa kwenye kitochi ni 24 wa kwenye Android. Msanifu wetu alikuwa ameshaweka orodha nzuri yenye picha na kisanduku cha kutafutia, na bado ipo, ila imewekwa nyuma. Mbele ni tarakimu mbili.

Rangi pia: ule mwonekano mweusi tuliokuwa tumeupenda hausomeki juani. Maandishi meusi, usuli mweupe, basi.

Juni

Kazi ya mwezi huu ni kuhamisha madeni. Kwenye KaiOS data ya programu inakaa ndani ya IndexedDB, hifadhi ya programu yenyewe, imefungiwa, na programu nyingine haiifikii. Wateja wetu wengi hawana akaunti ya aina yoyote kwetu, na tulifanya hivyo makusudi tangu mwanzo: madeni ya mtu ni siri yake, hayapiti kwenye seva yetu. Uamuzi huo sitaubadilisha kwa sababu tu ya urahisi wa kuhama. Kwa hiyo data itoke kwenye kitochi iingie kwenye simu janja, moja kwa moja, zikiwa pamoja mezani.

Njia ya kwanza ni memori kadi. Sasisho jipya la kitochi lina kipengele cha "Toa daftari", kinaandika faili moja kwenye kadi. Unaichomoa, unaiweka kwenye Android, Daftari jipya linalisoma. Ni rahisi, ila vitochi vingi havina kadi.

Njia ya pili ni misimbo ya QR. Kitochi kinaonyesha mfululizo wa picha, kamera ya simu janja inazisoma moja baada ya nyingine. Kioo cha kitochi kina pikseli 240 kwa 320 tu. Tulianza na msimbo wa ukubwa wa namba 10, wenye vijumba 57 kila upande. Ukiongeza ukingo mweupe unaotakiwa unapata 65, na kila kijumba kinaweza kupewa pikseli 3 tu. Unabeba baiti 271 kwa picha, jambo zuri kwenye karatasi. Ila kamera za simu za bei nafuu nyingi haziwezi kujirekebisha zikisogezwa karibu: ukisogea picha inafifia, ukirudi nyuma vijumba vinakuwa vidogo mno. Tukashuka hadi ukubwa wa namba 5, vijumba 37, pikseli 5 kwa kila kimoja. Sasa picha moja inabeba baiti 106, yaani madeni matatu hivi, na picha ni nyingi zaidi, lakini zinasomeka hata kwa kamera dhaifu. Kila picha ina namba yake na jumla ya zote, zinazunguka bila kukoma, na simu janja inaonyesha ipi bado. Ukikosa ya saba, unaisubiri izunguke.

Mwishoni simu zote mbili zinaonyesha jumla ya madeni kwa herufi kubwa. Zikilingana, mchuuzi mwenyewe anabonyeza kukubali. Hatukubali kwa niaba yake.

Julai

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 19, na safari ya Sengerema sasa haina tena foleni ya kivuko. Tumevuka kwenda kuwaona wateja wa upande ule, na baadhi ya waliotoka Kome wakatukuta huko.

Wengi wanataka kuhama. Wasiotaka wana sababu moja inayojirudia, nayo ni chaji. Kisiwani umeme wa kuchajia ni wa sola, mara nyingi betri ileile ya taa za kuvulia. Kitochi kinakaa siku kadhaa. Simu janja jioni inadai. Sioni haki ya kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba amechelewa. Tumeandika ahadi, na naiweka hapa ili tuulizwe: toleo la kitochi litaendelea kurekebishwa kadiri duka la KaiOS litakavyoruhusu, na hatutaiondoa "Toa daftari" kamwe.

Ombi jingine lililotolewa kwa nguvu: Daftari lisome lenyewe meseji za pesa za simu na kupunguza deni bila mtu kuandika. Naelewa kwa nini wanaitaka. Lakini tangu mwaka 2018 Google ilitangaza kwamba programu za kwenye duka lake haziruhusiwi kusoma meseji ovyo. Ruhusa hiyo ni ya programu kuu ya meseji na matumizi machache yaliyokubaliwa. Na hata tungeruhusiwa, programu inayosoma kila meseji ya mfanyabiashara ni mlango ambao mimi nisingependa uwepo kwenye simu ya mama yangu. Tumekataa. Risiti ya deni inatumwa kama zamani: Daftari linafungua ukurasa wa meseji ukiwa umeshajazwa, mtu anasoma, anabonyeza kutuma mwenyewe.

Vikumbusho vya madeni vinafanya kazi. Android tangu toleo la 6 inalaza programu wakati simu imetulia, kwa hiyo kikumbusho cha jioni kinaweza kuchelewa kidogo. Kwa upande wa madeni, kuchelewa huko hakuna madhara.

Agosti

Soko kubwa lina mlango wake. Ada ya akaunti ya msanidi kwenye Google Play ni dola 25, unalipa mara moja, na kadi ya mtandaoni ya pesa za simu ilitosha. Kigumu kiko mbele: akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza iwe na wajaribu 12 walioijaribu programu kwa siku 14 mfululizo ndipo uombe kuifungua kwa umma. Kabla ya Desemba 2024 walikuwa 20, kwa hiyo tumepata nafuu.

Kupata watu Mwanza wa kuijaribu Daftari ni rahisi, wamejaa. Shida ni kwamba kila mjaribu anatakiwa awe na akaunti ya Google anayoijua. Tuliwakusanya kina mama na vijana wa Mwaloni kipindi cha mbalamwezi, na karibu wote walikuwa na barua pepe ambayo hawajawahi kuiona. Aliwafungulia kijana aliyewauzia simu, neno la siri analo yeye, na pengine ameshalisahau. Wengine akaunti ilikuwa ya mtoto wa shangazi aliyeko Dar. Tulikaa nao mmoja mmoja, tukawafungulia upya, kila mtu akaandika neno lake la siri kwenye karatasi yake na kuondoka nayo. Tulifika kwa ajili ya masharti ya duka, lakini kazi hiyo ilistahili kufanywa hata kama duka lisingeitaka. Mtu anayetunza mtaji wake kwenye simu awe na ufunguo wa simu hiyo.

Jambo la kiufundi kwa wenzetu: kuanzia Agosti 31 programu mpya lazima zilenge Android 15. Ukishalenga hapo, ukurasa wako unachorwa hadi ukingoni mwa kioo, chini ya vitufe vya mfumo. Safu yetu ya mwisho ya namba, yenye sifuri, ilifunikwa nusu. Pimeni nafasi ya chini kwa `WindowInsets`, na msiamini simu moja tu. Kwenye simu ya zamani ya Android 8 hamtaliona tatizo hilo.

Septemba

Kipindi cha majaribio kimekwisha, ombi la kuifungua Daftari kwa umma limeshatumwa na tumekubaliwa.

Naandika nilichokiona wiki ya kwanza ya soko kubwa, kwa sababu wanaofikiria kuhama hawaambiwi. Kwenye duka la KaiOS, mtu aliyetafuta daftari la biashara kwa Kiswahili alituona sisi, kwa kuwa tulikuwa wachache. Huku ukiandika "daftari" zinakuja programu nyingi kabla yetu, baadhi za kampuni kubwa zenye fedha za matangazo. Watu waliotupakua hadi sasa karibu wote wametoka mdomoni mwa mtu: mchuuzi kamwonyesha mchuuzi. Anayedhani kwamba kuhamia kwenye watu wengi ni sawa na kupata watu wengi, ajiandae. Soko ni kubwa kweli, lakini mteja bado unamfuata mwaloni kwa miguu.

Hata hivyo sijutii hata kidogo. Wateja waliokuwa wamebadilisha simu na kurudi kwenye karatasi wameanza kurejea, na wanakuta namba zao zilezile.

Mwongozo wa muundo wa faili letu na wa misimbo ya QR tumeuandika kwa Kiswahili na tutampa yeyote atakayeuomba, hata kama anatengeneza daftari linaloshindana na letu, ili mchuuzi akitaka kutuhama sisi aweze kuondoka na madeni yake kama alivyoondoka KaiOS. Kazi inayofuata ni ukurasa wa kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, kwa ajili ya wanaouza Kongo, ambao hesabu zao zina sarafu mbili kwa mpigo na kanuni zetu za sasa hazizitoshi. Mwenzetu aliyepinga kuhama ndiye aliyeichukua.